Nani Alisema Furu Ni Takataka?

Leo naomba tuache kidogo siasa na bei ya dola, tuongee juu ya samaki. Najua, mtu wa Goma akisikia samaki anafikiri sambaza, na akifikiri sambaza anafikiri bei. Mimi nataka tuongee juu ya samaki asiye na bei: yule anayeingia katika wavu bila kutafutwa, anahesabiwa kuwa si kitu, kisha anatupwa. Tumwite samaki asiyekusudiwa. Wengi wanamwita kwa jina baya zaidi: samaki taka.

Hoja yangu ni hii. Hakuna samaki anayezaliwa taka. Kuna mtu anayemfanya kuwa taka, kwa hesabu zake. Historia ya maziwa yetu inaonyesha kwamba samaki akishapewa jina hilo na wenye ofisi na wenye meli, anayelipa gharama ni mtu mwingine kabisa.

Tuanze na chombo chenyewe. Meli ya kukokota inavuta mfuko mkubwa wa wavu nyuma yake, mara nyingi ukisugua sakafu ya bahari. Mdomo wa mfuko uko wazi, mkia umefungwa. Kila kilicho njiani kinaingia: mkubwa, mdogo, mwenye mayai, kaa, hata kasa. Baada ya saa kadhaa mfuko unapandishwa na kumwagwa juu ya sitaha. Hapo ndipo uchaguzi unafanyika, na mwamuzi ni nafasi katika baridi ya meli. Kama meli imetoka kutafuta kamba (wale ambao Kinshasa wanaitwa kosakosa), kilo moja ya kamba inaleta pesa nyingi kuliko kilo moja ya samaki wadogo mchanganyiko. Basi juu ya nini ujaze baridi na samaki wa bei ndogo? Wanasukumwa kwa koleo, wanarudi majini. Wengi wao wameshakufa, wamebanwa ndani ya wavu au wamepasuka kibofu cha hewa kwa kupandishwa haraka.

Mwaka 1994 shirika la FAO lilitoa makadirio yaliyoshtua dunia: tani milioni 27 za samaki zilikuwa zinatupwa baharini kila mwaka. Mwaka 2005 makadirio mapya yakashuka hadi tani milioni 7.3, na ripoti ya 2019 ikasema tani milioni 9.1, karibu nusu yake kutoka nyavu za kukokota chini ya bahari. Kushuka kutoka 27 kunafurahisha, lakini tusome vizuri. Njia ya kuhesabu ilibadilika. Pia, sehemu nyingi, hasa Asia, samaki waliokuwa wanatupwa walianza kuletwa bandarini na kusagwa kuwa unga wa kulisha samaki na kuku wa kufugwa. Yaani waliacha kuitwa hasara kwenye vitabu, lakini hawakuacha kuvuliwa. Tushike jambo hilo, tutakutana nalo tena Mwanza.

Nasikia mtu anasema: «Weye, hapa Goma tuko na bahari wapi?» Ni kweli. Hata ziwa letu halikubali wavu wa kusugua chini. Kivu lina kina cha karibu mita 485, lakini oksijeni inaishia kwenye mita sitini hivi za juu. Chini ya hapo ni maji mazito yenye gesi ya kaboni na metani, hakuna samaki wa kukokota. Lakini fungua frigo ya muuzaji yeyote wa samaki wa barafu, angalia karatoni. Yule samaki wa baharini ambaye Kinshasa wanamwita Thomson au mpiodi, sehemu kubwa yake inatoka Namibia, na anavuliwa na meli za kukokota nyavu. Kongo yetu ni mmoja wa wanunuzi wake wakubwa. Kwa hiyo hatuna bahari, lakini tunakula matunda ya wavu ule ule. Tuko ndani ya habari hii.

Tena tuko ndani kwa njia nyingine, ya zamani zaidi, ambayo inapita ziwa Albert kule Ituri na kuishia ziwa Victoria. Hapo ndipo neno taka lilifanya kazi yake kubwa kuliko mahali pengine popote ninapopajua katika Afrika yetu ya mashariki.

Ziwa Victoria lilikuwa na samaki wadogo wanaoitwa furu. Kwa macho ya haraka ni samaki mmoja: mdogo kama kiganja au chini yake, mwenye miiba, wengine wa rangi ya kijivu, madume wengi wakiwaka nyekundu, buluu na manjano. Kwa macho ya mtafiti walikuwa aina zaidi ya 500. Wengine walikula mwani, wengine konokono, wengine wadudu, wengine waliwinda samaki wenzao, wengine waliishi kwa kunyonya mayai na vifaranga kutoka vinywa vya mama zao. Karibu wote hawakupatikana mahali pengine duniani.

Watu wa kando ya ziwa waliwajua na kuwala. Furu alikauka juani bila kuni. Alifaa kwa mboga ya mtu asiye na pesa, na alifaa kama chambo cha ndoana za kushika samaki wakubwa. Lakini katika ofisi za uvuvi za wakoloni, samaki wa maana walikuwa sato na ningu, wenye nyama na soko. Furu aliandikwa kwa Kiingereza kwa neno lenye maana ya takataka. Hilo halikuwa tusi la mtu mmoja mwenye hasira, lilikuwa ni neno la kazi, linaandikwa katika ripoti kama vile sisi tunavyoandika «wengineo» katika orodha.

Sasa, ukishamwita samaki takataka, na takataka hiyo imejaa ziwani, unaanza kuiona kama tatizo linalosubiri suluhisho. Yalikuja masuluhisho mawili.

La kwanza lilikuwa meno. Katika ziwa Albert, lile tunalovua sisi kwa upande wa Ituri, anaishi samaki ambaye Wakongo tunamwita kapitene. Tanzania ni sangara, Kenya ni mbuta. Anaweza kuzidi kilo mia. Miaka ya 1950 maofisa wa uvuvi wa Uganda walikuwa na wazo lililoonekana lenye akili: furu ni wengi na hawana bei, kapitene anakula samaki wadogo na ana bei, basi tumwachie kapitene kazi ya kugeuza takataka kuwa nyama. Mwanabiolojia Geoffrey Fryer aliandika mwaka 1960 kupinga wazo hilo. Alionya kwamba mwindaji mkubwa katika ziwa lisilomzoea ni hatari, na kwamba kula furu hakumaanishi kuongeza chakula, maana katika kila hatua ya kuliwa sehemu kubwa ya chakula inapotea. Lakini samaki alikuwa ameshaingia. Alianza kuonekana majini kabla hajaruhusiwa rasmi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wengine wakaongezwa kwa ruhusa.

La pili lilikuwa chuma. Kati ya 1969 na 1971, watafiti wa Jinja wakisaidiwa na Umoja wa Mataifa walizunguka ziwa zima wakikokota wavu chini ili kujua kuna samaki kiasi gani. Hesabu yao: karibu tani 680,000 za samaki wa chini, na asilimia 80 hivi ni furu. Fikiria unavyosoma namba hiyo ukiwa ofisini, na nchi yako ni changa, inatafuta viwanda. Tani zaidi ya laki tano za samaki «wasiotumika»! Mwaka 1973 meli za kukokota zilianza kazi katika ghuba ya Mwanza, na mwaka 1976 kilifunguliwa kiwanda cha kusaga furu kuwa unga wa kulisha mifugo. Meli ndogo tu, lakini kwa siku zilileta tani 10 hadi 15.

Hapo nataka tusimame kidogo, maana hii ndiyo sehemu inayonisumbua. Kwa sheria za leo dhidi ya kutupa samaki, uvuvi wa Mwanza ungepata alama nzuri. Hakuna kilichotupwa. Kila furu aliyepanda alitumika. Lakini samaki ambaye mtu maskini angemkausha juani na kumla mwenyewe, sasa alipita katika kinu na kuwa chakula cha mifugo. Na ndani ya miaka michache wavu ulianza kurudi na samaki wachache zaidi, wale wakubwa wakitangulia kupungua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, waliofika Mwanza mwaka 1977 kusoma furu, walijikuta wanaorodhesha aina ambazo sayansi haikuwa imezipa hata jina, na zinazidi kuwa adimu mbele ya macho yao.

Kisha kapitene akafika kusini kwa wingi. Miaka ya 1980, kwa muda mfupi sana, furu wa ghuba ya Mwanza karibu waliisha katika nyavu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba aina 200 hivi zilipotea au zilifika ukingoni. Sitaki kuwaambia kwamba kiwanda peke yake ndicho kiliua furu, itakuwa uongo. Sangara alifanya kazi kubwa zaidi, na maji yenyewe yalikuwa yanaharibika, mwani ukiongezeka na oksijeni ikipungua chini. Lakini angalieni: sangara na kiwanda, vyote viwili vilikuja kujibu swali moja, nalo lilikuwa swali baya. Waliuliza, «tufanye nini na takataka hii?» Hakuna aliyeuliza kwanza, «nani amesema ni takataka?»

Mwisho wa hadithi hiyo mnaujua nusu. Sangara akaleta pesa, ajira na viwanda. Lazima tukubali, watu wengi walijenga nyumba na kusomesha watoto kwa samaki huyo. Lakini nyama ya sangara ilikatwa na kusafirishwa Ulaya. Kwa wakazi wengi wa Mwanza ikabaki mifupa na vichwa, vinavyoitwa mapanki, vinakaangwa na kuuzwa. Na kwa kuwa sangara ana mafuta, hakauki juani kama furu. Anahitaji moshi, yaani kuni, yaani miti. Ziwa lililokuwa na samaki aina 500 wa kuitwa taka likawa ziwa ambalo mwenyeji anakula mabaki ya samaki mmoja wa thamani. Taka haikuisha, ilihamia tu kwenye sahani ya mtu.

Siku hizi baadhi ya furu wamerudi, hasa pale ambapo sangara amevuliwa sana. Ni habari njema, lakini waliorudi ni wachache kati ya waliokuwepo.

Tutoke ziwani twende pwani, ili msidhani ni mambo ya maji baridi tu. Kenya, kati ya Malindi na ghuba ya Ungwana, mito Tana na Sabaki inamwaga matope yenye rutuba, na kamba wanastawi. Tangu miaka ya 1970 meli za kukokota zilivua huko. Wavuvi wa mitumbwi walilalamika miaka na miaka: meli zinakata nyavu zao, zinaingia karibu na ufuko, na pamoja na kamba zinabeba samaki wadogo ambao kesho wangekuwa riziki yao. Kile ambacho kwa nahodha wa meli kilikuwa ni uchafu wa kusukuma kwa koleo, kwa mvuvi wa Kipini kilikuwa ni chakula cha jioni na ada ya shule. Mwaka 2006 uvuvi huo ulisimamishwa. Ukaandikwa mpango wa usimamizi mwaka 2010, na meli zikarudi mwaka 2011 kwa masharti. Kilichonivutia mimi ni kwamba mabishano yote yale, ukiyachuja, ni juu ya nani ana haki ya kusema kipi ni samaki na kipi si samaki.

Nchi nyingine zimejaribu kuondoa haki hiyo mikononi mwa nahodha. Norway ilianza mwaka 1987 kukataza kutupa chewa na haddock baharini: ukimvua, unamleta bandarini, anahesabiwa. Namibia ilipopata uhuru mwaka 1990 ilirithi bahari iliyokuwa imekombwa na meli za kigeni, ikaweka sheria ya kukataza kutupa samaki na kupanda na wakaguzi ndani ya meli. Umoja wa Ulaya ulikubali sheria kama hiyo mwaka 2013 na kuitekeleza kwa hatua hadi 2019. Sheria hizi zina faida moja kubwa: kosa linaonekana. Samaki asiyekusudiwa akiletwa bandarini anachukua nafasi, anakula posho ya meli, na nahodha anaanza kutafuta wavu wenye matundu makubwa au njia ya kukwepa mahali penye vifaranga. Lakini Mwanza inatukumbusha upungufu wake. Ukimlazimisha mtu alete kila kitu bandarini, kisha ukampa kiwanda cha unga kinachonunua kila kitu, umempa sababu ya kuvua zaidi. Dawa ya kwanza ya samaki asiyekusudiwa ni kutomvua.

Sasa turudi nyumbani Kivu.

Sisi pia tuna hadithi yetu ya ziwa lililoonekana «halitumiki». Wakoloni waliona kwamba katikati ya Kivu, kwenye maji ya wazi, hakukuwa na samaki wa kuvua. Waliokuwepo waliishi kando kando. Kati ya 1958 na 1960, mtaalamu wa uvuvi aitwaye Collart alileta kutoka Tanganyika maelfu ya vifaranga. Makala aliyoandika mwaka 1960 inataja kichwani samaki aliyekusudiwa: ndagala. Lakini kulikuwa na aina mbili katika vifaranga vile, na ndagala hakudumu. Aliyebaki ni ndugu yake, Limnothrissa, ambaye sisi tunamwita sambaza. Someni tena sentensi hiyo polepole. Samaki tunayemwimba, anayelisha Goma, Bukavu na Gisenyi, anayepimwa kwa sahani pale Kituku alfajiri, si yule ambaye jina lake liliwekwa mbele ya mradi.

Wengine watasema: basi umejipinga mwenyewe, kuleta samaki mgeni kulifaulu. Kwa kiasi, ndiyo, na nafurahi. Lakini hata huko kulikuwa na gharama. Mwaka 1986 mtaalamu Henri Dumont aliandika kwa hofu kwamba sambaza wamemaliza kidudu kikubwa cha majini, Daphnia, kilichokuwa kinakula mwani, na akauliza kama uvuvi wote hautaanguka. Haukuanguka. Ila kidudu kile hakikurudi, na ziwa halikuwa tena lile la zamani. Tulipata bahati. Victoria halikupata. Na waliofanya majaribio yote mawili walianza na wazo moja: kwamba wanaona pengo, au wanaona taka, kumbe walikuwa hawajui bado wanaangalia nini.

Juu ya nini nawaandikia ninyi wenye diploma na ninyi mnaoandika memwari? Juu ya ninyi ndio mtakaoandika miradi. Kesho shirika litatangaza pesa kwa «kuendeleza uvuvi» Kivu au ziwa Edouard, na mtu wa hapa kwetu atakaa mbele ya kompyuta na kujaza jedwali. Katika jedwali hilo kutakuwa na mstari wa samaki wa biashara, na mstari wa mwisho, mfupi, wa «wengineo». Naomba tusiujaze mstari huo kwa haraka. Tuulize mama anayeuza Kituku ni samaki gani ananunuliwa na mtu mwenye faranga chache. Tumuulize mvuvi wa ekipe, anayekesha na taa, ni nini kinapanda pamoja na sambaza na anakifanyia nini. Tangu 2006, kwa mfano, amejulikana Kivu samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, ambaye hakuna aliyemwomba. Yeye ni nani kwetu: adui, chakula, au vyote viwili? Hiyo ni memwari nzima, na haihitaji maabara ya Ulaya.

Vilevile, tukemee wavu wa chandarua kando ya ziwa kwa sababu ile ile. Chandarua hakichagui, kama vile meli ya kukokota haichagui. Tofauti ni kwamba mwenye meli anatupa vifaranga kwa sababu ana pesa, na mwenye chandarua anawala kwa sababu hana. Kwa hiyo faini peke yake haitatosha kwa huyu wa pili. Anahitaji wavu mwingine mkononi kabla hujamnyang'anya ule alionao.

Karibuni tujadili, hasa ninyi wa Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma, ambao mnalijua ziwa Edouard kuliko mimi. Niambieni kwenu wavuvi wanamwita nani samaki taka, na neno hilo lilianza lini.